Namba Niliyoisugua kwa Msasa

Mama yangu husema nilizaliwa na upupu miguuni. Siwezi kukaa. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima nimeinamia kioo cha kukuzia, lakini kila baada ya dakika chache lazima nisimame, niende mlangoni, nitazame mabasi yanayoingia stendi ya Buzuruga, kisha nirudi. Wateja hudhani kuna mtu ninayemsubiri. Zamani hakukuwa na mtu. Tangu wiki ile ya mwaka juzi nitakayoieleza hapa, miguu yangu ina sababu.

Natengeneza kontrol boksi za magari. Wengine huliita ubongo wa gari: boksi dogo la bati linaloamua injini ipewe mafuta kiasi gani na plagi zitoe cheche wakati gani. Fundi wa kawaida akishahangaika, akabadilisha pampu, akabadilisha plagi, akamlaumu mwenye gari kwa kuweka mafuta machafu, ndipo anakumbuka kuleta boksi kwangu. Na mara nyingi nikilifungua nakuta mgonjwa si ubongo wenyewe. Mgonjwa ni chipu iliyo pembeni yake, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, ambayo kazi yake ni umeme tu.

Betri ya gari haina adabu. Ukipiga starta umeme wake unaporomoka, injini ikishawaka unapanda kuliko ulivyoahidi. Ubongo ukilishwa umeme wa namna hiyo unakufa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo chipu hii inaupokea umeme wa betri na fujo zake zote, inaupunguza, inautuliza, kisha inaugawa: huu wa ubongo, huu wa sensa, huu wa vile vidude vinavyofungua mafuta. Tena inaulinda ubongo usizimie. Kila baada ya kitambo kidogo sana, kifupi kuliko kupepesa jicho, ubongo lazima uipe ishara kwamba upo. Ukinyamaza, chipu inauzima na kuuwasha upya. Mwalimu wangu alinieleza hivi siku ya kwanza: "Ubongo ni mtoto, chipu ni mama. Mtoto anaamkia, mama anaitikia. Siku mtoto hakuamkia, mama anakwenda kumtazama kitandani." Nilielewa papo hapo, na sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo mpaka leo.

Mwalimu wangu ni mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka la kutengeneza redio katikati ya mji. Alizaliwa Misungwi, baba yake alikuwa na duka la nguo huko, na Kisukuma chake kinanishinda mimi niliyezaliwa na Wasukuma pande zote mbili. Nilipomaliza shule nikazunguka gereji zote za mji nikitafuta mtu wa kunifundisha umeme wa magari, kila mahali, kwa kuwa ni msichana, niliulizwa kama najua kupika chai. Yeye aliniuliza kama mkono wangu unatetemeka. Nikanyoosha mkono. Akautazama, akanipa chuma cha moto cha kuunganishia nyaya kwa risasi. Nilikaa kwake miaka sita.

Alikuwa na desturi moja niliyoiona ni ya kizee. Kila redio aliyoitengeneza, kabla ya kufunga mfuniko, alibandika ndani yake kikaratasi chenye maandishi madogo yaliyonyooka: kilichokuwa kimeharibika, alichobadilisha, namba ya kila kitu kipya alichoweka. Alikiita karatasi ya fundi anayekuja. Nilimwambia siku moja kwamba fundi anayekuja ni yule wa mtaa wa pili anayetuibia wateja. Akasema, "Huyo huyo. Naye ana kioo, naye ana macho mawili yanayochoka." Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na niliona mzee anagawa mali bure.

Alipofunga duka kwa sababu ya macho, nilifungua langu Buzuruga. Hapo nikaijua dunia. Fundi mmoja mwenye kibanda cha tatu kutoka kwangu alikuwa akipokea magari niliyoyatengenezea boksi, anafungua, anasoma namba ya chipu niliyoweka, kesho yake anatangaza kwamba na yeye anaweza. Nilikuwa nimekesha wiki kadhaa kutafuta chipu inayokubali, yeye aliipata kwa kusoma tu. Nikaambiwa na mafundi wengine dawa yake, maana wote wanaitumia: ukimaliza kazi, chukua msasa, sugua uso wa chipu mpaka namba ifutike. Atakayefungua atakuta kitu cheusi hakina jina. Mimi nikaongeza ufundi wangu. Nilisugua na chipu za jirani, ubongo ukiwemo, ili mwizi asijue hata pa kuanzia kutazama. Kwa hilo nilijiona mjanja sana.

Sasa nifike kwenye aibu. Mzee alikuwa na gari dogo la kijivu, la zamani kuliko wajukuu zake. Miaka minne kabla ya wiki ninayoieleza, gari hilo lilikuwa likizima likipata joto, na likipoa linawaka. Alinitumia boksi kwa mkono wa mwanawe. Nililifungua, nikaona chipu ya umeme imechoka, nikaichomoa, nikaweka nyingine ya namba ile ile kutoka kwenye boksi la gari la nusu-kata, yale yanayoletwa yamekatwa nusu ili yauzwe vipuri. Likapona. Kisha nikachukua msasa. Ningependa kuandika hapa kwamba mkono ulikuwa umezoea tu, kwamba sikufikiri. Si kweli. Nilifikiri. Nilijua boksi ni la nani, na nilifikiri kwamba mzee, kwa ugawaji wake ule, angelifungua mbele ya mtu yeyote aliyemuuliza swali na kumsomea namba zote. Nikasugua, tena kwa bidii, nikafunga kwa gundi nyeusi, nikalirudisha na salamu nyingi.

Boksi lilirudi Alhamisi asubuhi limefungwa kwenye gazeti. Aliyelileta ni yule yule mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, ambaye siku hizi ndiye anayeamua mambo ya nyumba.

"Fundi," alisema, "jana mzee amezimikiwa na gari pale Buhongwa, katikati ya barabara. Nyuma yake lori la ng'ombe. Dereva wa lori amekwepa mpaka ameingia mtaroni. Mimi sina tena nguvu ya kupokea simu kama ile."

Nilimpa pole. Akasema amekwishampata mnunuzi, anakuja Jumamosi saa nne. Mzee amegoma kutoa funguo, amelia, wamekubaliana hivi: gari likiwa linawaka mnunuzi atakapofika, likaenda Buhongwa na kurudi kwenye jua kali bila kuzima, funguo zitabaki kwa mzee. Lisipowaka, linauzwa, na hakuna gari jingine atakaloshika maisha yake.

Nilijua maana yake. Kila Jumatano mzee huendesha mwenyewe mpaka Misungwi. Duka la baba yake sasa ni la mtu mwingine, lakini barazani wapo wazee wenzake watatu au wanne, wanamngoja na maziwa mgando, wanabishana kwa Kisukuma mambo ya miaka hamsini iliyopita. Tangu mkewe afariki, hiyo ndiyo siku pekee ninayomwona amechana nywele. Watoto wake ni watu wazuri, lakini dereva wao ni wa duka, hana nafasi ya kukaa kutwa akisubiri wazee wamalize soga. Bila funguo, Jumatano zimekwisha.

Nilifungua boksi kabla mwanawe hajavuka barabara. Nikaweka kioo. Chipu ya umeme ilikuwa imekufa kabisa, haitoi hata nusu volti, na kwenye kona moja ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kona hiyo ndiyo niliyoisugua zaidi; niliila plastiki yake mpaka ikawa nyembamba kuliko kona nyingine. Unyevu wa ziwa ukapata mlango. Nilikaa nikiutazama ufa ule.

Halafu nikakumbuka kwamba sijui namba.

Nilikuwa na maboksi mawili ya gari la aina ile ile kabatini, ya nusu-kata. Nikayafungua yote. Chipu zao za umeme zinafanana kama mapacha, ukubwa mmoja, miguu ile ile, namba tofauti tarakimu ya mwisho tu: moja inaishia na mbili, nyingine na saba. Ya mbili inaupa ubongo volti tano. Ya saba inaupa tatu na kidogo. Watengenezaji walibadilisha ubongo katikati ya miaka, na boksi kwa nje likabaki vile vile. Nikiweka ya mbili kwenye ubongo wa saba, ubongo unaungua siku hiyo, na kwa gari la umri ule huo ndio mwisho wake; nikiweka ya saba kwenye ubongo wa mbili, unafanya kazi na njaa na unaweza kuzimia tena barabarani. Ningeweza kujua kwa kusoma namba ya ubongo. Nilikuwa nimeisugua. Nilijikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na nilihakikisha mafuta yanatosha.

Siku nzima nilitapatapa. Nilipaka unga wa chaki, maana chaki huingia kwenye michoro iliyobaki na kuifufua. Nilipaka mafuta ya kupikia. Nilimulika tochi kwa ubavu, nikainamisha kichwa mpaka shingo ikauma. Hakuna kitu, nilikuwa nimefanya kazi safi. Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Nilitoka nikatembea mpaka kwenye miamba ile iliyo juu ya nyumba za Ilemela, nikaliangalia ziwa bila kuliona, nikateremka. Mchana nikameza kiburi nikaenda kibanda cha tatu, kwa yule fundi aliyenifanya nianze kuficha.

"Kaka, samahani. Hivi boksi la gari kama hili, la kwangu, umewahi kulifungua?"

Akalitazama, akacheka mpaka akashika tumbo. "Dada, nimefungua mengi ya kwako. Yote yana upara! Mimi nimekwishakata tamaa kitambo."

Nikarudi. Nilishika chuma cha moto mara mbili, ya saba mkononi, nikijiambia kwamba nafsi yangu inasema saba. Nafsi yangu ilikuwa imesema mambo mengi ya kijinga hapo kabla. Nikakizima chuma. Usiku sikulala, na nilichokiogopa si gari tena. Niliogopa kwamba kuna mtu mmoja tu anayeweza kunisaidia.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa mzee. Nyumba yao iko ghorofani, ngazi zina giza. Alikuwa amekaa sebuleni amevaa viatu vya safari, ingawa hana pa kwenda, na funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa shati, kidole chake kikizigusa kila mara kana kwamba zinaweza kutoroka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mwangaluka."

"Mwangaluka, baba." Salamu za Kisukuma zilipokwisha nikakaa ukingoni mwa kiti. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nikasema yote kabla chai haijaletwa. "Mzee, siwezi kutengeneza boksi. Namba ya chipu ya umeme sina. Nilipolitengeneza ile mara ya kwanza, niliisugua kwa msasa."

"Na ya ubongo?"

"Nayo."

"Ukaacha ipi?"

"Ya maana, hakuna."

Akageuza uso dirishani. Mashangingi yalipita chini barabarani, zikapita na pikipiki. Macho yake siku hizi huona mbali vizuri, lakini karibu yana ukungu, hujui kama anakuona.

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuibiwa, mzee."

"Na mimi?" aliuliza. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nililia pale pale kwenye kiti chake, mwanamke mzima mwenye duka. Alinisubiri. Kisha akatoa funguo mfukoni, akaniwekea kiganjani, na nikaona jinsi ilivyomgharimu kuziachia.

"Nenda uani kwenye gari," alisema. "Boksi walikuletea mkononi mara zote mbili, gari lenyewe hujalitazama. Lala chini ya usukani, mulika juu, pale boksi linapokaa."

Nilishuka. Nililala chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje, tochi ya simu mdomoni. Nyuma ya nafasi ya boksi, kwenye bati, kulikuwa na karatasi imebandikwa na kufunikwa plastiki. Maandishi madogo yaliyonyooka. Karatasi ya fundi anayekuja. Boksi la gari huzibwa kwa gundi na hupata moto, karatasi haikai ndani, basi akaiweka jirani. Alikuwa amelifungua boksi yeye mwenyewe kabla ya kunitumia mara ya kwanza, akaandika namba za chipu zote kubwa, moja chini ya nyingine, wakati macho yake yalikuwa bado yanaweza kusoma kwa msaada wa kioo. Chipu ya umeme inaishia na saba.

Chini ya orodha palikuwa na maneno mengine, kwa kalamu nyingine, mwandiko ukiwa umeanza kupinda. Aliyaandika baada ya boksi kurudi kutoka kwangu. Maana yake ni kwamba alilifungua, akaona, na kwa miaka minne aliendelea kunipokea, kuniuliza habari za mama, kuniletea wateja.

"Kwa fundi anayekuja. Boksi limetengenezwa upya. Namba zimefutwa. Ukikwama usibahatishe. Nenda Buzuruga, kamuulize binti yangu. Yeye anajua."

Nililala pale muda mrefu. Mtumishi wa nyumba aliyekuwa akianika nguo alikuja kutazama kama nimepatwa na nini, kwa sababu miguu yangu, alisema, ilikuwa haitikisiki.

Niliweka ya saba Ijumaa ile ile, umeme ukikatika mara mbili katikati ya kazi. Jumamosi saa nne mnunuzi alifika, akapewa soda, akakaa. Mwanawe akakaa kiti cha nyuma, mimi mbele, mzee akashika usukani. Jua lilikuwa limekwishapanda juu ya miamba. Nilikuwa nimeweka mkono kwenye bati chini ya dashibodi, nikisikiliza mlio wa injini, na kila ilipopungua kwenye matuta roho yangu ilipungua nayo. Pale Buhongwa, mahali lilipozimika, mzee alipunguza mwendo kwa makusudi, akasimama pembeni, akaiacha injini inanguruma kwenye joto. Dakika moja. Tatu. Tano. Mwanawe akasema, "Baba, inatosha." Mzee akageuza gari.

Nyumbani mnunuzi alimaliza soda yake akaondoka. Mwanawe akamwambia baba yake, kwa upole ambao sikuutegemea, kwamba wataangalia tena baada ya msimu wa mvua. Mzee akarudisha funguo mfukoni mwa shati. Alinigeukia mimi.

"Umeandika?"

"Bado, mzee."

"Andika kabla hujasahau."

Nikarudi chini ya usukani. Niliandika namba, nikaandika kilichoharibika, na sababu yake bila kuificha: plastiki imeliwa na msasa, kosa la fundi. Yale maneno yake ya mwisho nilitaka kuyakata. Nikashindwa, nikayaacha.

Jumatano iliyofuata alikwenda Misungwi. Anakwenda mpaka leo.

Lakini maboksi niliyoyasugua ni mengi. Yako kwenye magari yanayokwenda Shinyanga, Bariadi, Musoma, kwa watu ambao siwajui na simu zao nimekwishapoteza. Nimebandika tangazo mlangoni kwamba boksi lolote nililotengeneza liletwe nilitazame, na wachache wamekuja. Wengine hawajui. Kila moja lina uso mweusi usio na jina, na kona iliyokonda, na unyevu wa ziwa unatafuta mlango. Siku moja litazimika mbele ya lori, na fundi atalifungua, naye atauliza watu, na watu watamwambia aende Buzuruga, yule dada anajua.

Kwa hiyo ndiyo, nasimama. Gari lolote likikohoa pale stendi naacha kazi naenda mlangoni. Hata sasa nikiandika haya nimesimama mara nne. Kuna kigari cheupe kimezimika getini, mabasi yanakipigia honi, dereva anajaribu tena na tena.

Kimewaka. Nimerudi kukaa.